Blanketi Huja Mwisho

Tefo alianza kutambaa siku ya Jumanne, na tangu Jumanne hiyo mama yake hakukalia kiti kikapata joto.

Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kuwekwa. Gorata alimlaza mkekani, akaenda kukoroga uji, akarudi akamkuta pale pale anazungumza na vidole vyake. Sasa ukimweka sebuleni unamkuta jikoni. Ukimtoa jikoni unamkuta chini ya meza, anavuta kitambaa ambacho juu yake kuna kikombe cha chai. Nyumba waliyopanga mjini Tlokweng, ambayo Gorata aliipenda kwa vigae vyake vinavyong'aa, iligeuka adui aliyejificha. Soketi za umeme zilikuwa usawa wa pua ya mtoto. Waya wa birika ulining'inia kama mkia wa mbuzi unaosema nivute. Gorata aliziba soketi kwa mkanda wa gundi, akafunga makabati kwa soksi za zamani, akahamisha dawa ya kufulia kutoka chini ya sinki hadi juu ya kabati la nguo. Usiku uliofuata Otsile, mumewe, alitafuta sabuni mpaka akakata tamaa.

"Mama Tefo, hii nyumba sasa kila kitu kiko juu," alisema. "Siku moja utanitafuta na mimi unikute juu ya friji."

Mama yake Otsile alicheka akashika ubavu. Alikuwa amekuja kutoka kijijini Shoshong kununua vitu vya harusi ya mpwa wake, akakaa wiki nzima. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe watoke mbali. Watu wote walimwita Mama Otsile, na yeye alimwita mjukuu wake "mume wangu" tangu siku aliyoletewa habari kwamba ni wa kiume.

"Mwache mume wangu aione dunia," alimwambia Gorata. "Mimi nimelea sita. Hakuna aliyefungiwa kabati kwa soksi."

Gorata alinyamaza. Kwa mama mkwe, mtu hunyamaza. Lakini miguu yake haikunyamaza. Iliendelea kutembea kutoka chumba hadi chumba, nyuma ya magoti mawili madogo yaliyopiga vigae tap, tap, tap.

Wiki hiyo maji yalikatika, kama yanavyokatika. Ndoo zilipangwa bafuni, nyeupe na za bluu, zimejaa hadi ukingoni. Gorata alizifunika zote kwa vifuniko, na penye kifuniko kilichopasuka akaweka sinia. Mchana wa Alhamisi alikuwa akikunja nguo. Alisikia magoti yakienda, tap, tap, kisha hakusikia kitu. Ni kimya kile kilichomwinua. Alipofika bafuni sinia lilikuwa chini. Mama Otsile alikuwa ameteka maji ya kunawa, hakulirudisha sinia. Tefo alikuwa amesimama. Hakuwahi kusimama kabla ya hapo. Alikuwa ameshika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili, ameinama, paji la uso limekaribia kugusa maji, na miguu yake imeanza kunyanyuka kidogo kidogo sakafuni.

Gorata alipiga ukelele uliosikika kwa jirani. Alimnyakua mtoto, naye kwa mshtuko akalia kama aliyechomwa.

"Nini? Nini tena?" Mama Otsile aliingia mbio.

"Ndoo, mama! Ilikuwa wazi!"

"Alikuwa anatazama uso wake tu. Na wewe umemtisha. Tazama anavyotetemeka."

"Angezama, mama."

"Kwenye ndoo? Mtu huzama mtoni, mwanangu."

Gorata alimbeba Tefo hadi chumbani, akafunga mlango, akakaa sakafuni naye mapajani, akalia bila sauti. Hakuwa na hasira na mama mkwe. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Mwanamke yule alimpenda Tefo kwa moyo wote, na alikuwa akimwimbia kila asubuhi. Gorata alijiuliza itakuwaje ikiwa upendo mwingi kiasi hicho hautoshi.

Jioni hiyo hiyo lilitokea la kopo la ugoro. Mama Otsile alikuwa na kopo dogo la bati analolitunza kifuani, na Tefo alilipenda kuliko vitu vyote alivyonunuliwa. Bibi alimpa alichezee, likiwa limejaa, kifuniko kimebanwa kwa nguvu za bati tu.

"Mama, naomba," Gorata alisema, safari hii kwa upole. "Likifunguka akaula, ugoro ni sumu kwa mtoto."

"Huu? Huu unatoa mafua kichwani."

"Naomba tu, mama."

Alileta kipande cha mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akauzungusha kwenye kopo ukakibana kifuniko. Mama Otsile alilitazama kopo lake kama mtu aliyeletewa mbuzi wake amevalishwa suruali.

"Sasa nikitaka kunusa niite fundi?"

Otsile alicheka. Gorata hakucheka. Mama Otsile alilirudisha kopo kifuani bila neno, na hapo Gorata alijua ameudhika.

Usiku kabla ya kulala Otsile aliketi ukingoni mwa kitanda. "Kesho tuna safari ndefu," alisema. "Mama anasema hataki Tefo akae kwenye kile kiti chake cha mtoto garini. Anataka ampakate."

"Hapana."

"Subiri nimalize. Nimezungumza naye, amekubali. Kwa sharti."

"Sharti gani?"

Otsile alijikuna shingo. "Usipige kelele za 'mtoto, mtoto' kutoka hapa hadi Shoshong. Anasema moyo wake unakatika. Na kusema kweli, Mama Tefo, hata mimi. Jumapili ulipopiga kelele garini, kumbe ni soksi imedondoka. Nilikanyaga breki mpaka nyanya zote zikapasuka. Mguu wangu unakusikia kabla ya masikio. Siku moja lori litakuwa nyuma yetu."

Gorata aliwaza. Mtoto kwenye kiti, na yeye afunge mdomo. Ilikuwa bei anayoweza kuilipa.

"Nimekubali," alisema.

Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa na baridi ile ya Julai inayouma masikio. Walipakia gari: mabeseni ya enameli, maboga, viatu vya harusi vya ukoo mzima, na chungu kipya cha chuma cha miguu mitatu ambacho Mama Otsile alitaka kikae kiti cha nyuma kama abiria.

"Buti limejaa," alisema.

Gorata alifungua mdomo, akakumbuka sharti, akaufunga. Akachukua chungu mwenyewe, akakisukuma chini, miguuni pa mama mkwe. Halikuwa jambo zuri, lakini lilikuwa afadhali kuliko kukiacha juu. Kisha akamfunga Tefo kwenye kiti chake nyuma ya dereva, uso ukitazama nyuma, mikanda mabegani, kifungio kikalia *tak*.

"Kwa nini anatazama alikotoka?" Mama Otsile aliuliza akiketi kando yake. "Kama mtu aliyefukuzwa kijijini."

"Ndivyo shingo yake inavyokuwa salama, mama."

"Haya. Mimi sisemi kitu. Tumekubaliana."

Gorata alikaa mbele, kushoto kwa Otsile. Alitamani akae nyuma, lakini nyuma palikuwa na bibi, na bibi alikuwa amekuja kumlea mjukuu. Akigeuka aliona mgongo wa kile kiti tu, na vidole vya Tefo vikitokeza pembeni vikishika hewa.

Barabara ya kaskazini ilikuwa na magari mengi ya watu wanaorudi kwao kwa sikukuu. Gorata hakuona mashamba wala vituo vya mafuta. Aliona punda. Aliona mbuzi waliosimama ukingoni wakitafakari kuvuka. Kila alipowaona alikanyaga sakafu ya gari kwa mguu wa kulia, kama kuna breki pale.

"Utatoboa gari," Otsile alimnong'oneza.

"Nimenyamaza, au sijanyamaza?"

"Mdomo umenyamaza."

Nyuma, Mama Otsile aliimba, Tefo akapiga kelele za furaha, baadaye akachoka. Walipofika geti la kukagulia magonjwa ya mifugo, foleni ilikuwa ndefu. Ugonjwa wa ng'ombe wa miguu na midomo ulisemekana umerudi kaskazini, na siku kama hizo hakuna anayepita ameketi. Kila mtu anashuka, anakanyaga gunia lililoloweshwa dawa, na kila kiatu kilichomo garini kinatolewa kikanyagishwe pia. Gari nalo linapita kwenye dimbwi la dawa peke yake.

"Viatu vyote, wazazi," alisema afisa kijana aliyevaa ovaroli na kofia ya sufu. "Vya kuvaa na vya kwenye mabegi."

Gorata alifungua buti akatoa viatu vya harusi, jozi kwa jozi. Mama Otsile alimfungua Tefo akamtoa. Upepo ulikuwa mkali. Mtoto alilia, pua ikatoka maji.

"Na mheshimiwa huyu?" afisa aliuliza akionyesha viatu vidogo vya Tefo.

"Huyu anatembea kwa magoti," Mama Otsile alijibu. "Mnataka tumkanyagishe magoti?"

Watu kwenye foleni walicheka. Hata afisa alicheka, lakini alivichukua viatu vile akavigusisha dawa, kimoja kimoja, kwa adabu.

Otsile alipitisha gari kwenye dimbwi. Nyuma yake lori la kubebea ng'ombe lilipiga honi. Lilikuwa tupu na lina haraka. Gorata alikuwa bado nyuma ya gari akirudisha viatu, vidole vimekufa ganzi, jozi moja ikikataa kuingia. Alisikia Tefo akilia. Alisikia mama mkwe akisema, "Njoo, mume wangu, njoo nikupashe joto." Kisha akasikia kifungio: *tak*. Akafunga buti kwa nguvu, akaenda upande wa mlango wa nyuma.

"Umesikia kilivyolia?" Mama Otsile alimwuliza kabla hajagusa mlango.

"Nimesikia, mama."

"Basi ingia. Lori litatupanda."

Lori lilipiga honi tena. Gorata aliingia mbele. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka kuelekea mlango wa nyuma, akaurudisha mapajani kama kitu alichoazimwa.

Mwanzo alijituliza. Kifungio kimelia, amekisikia mwenyewe. Gari lilikuwa na joto sasa, na Tefo hakulia tena. Alikuwa ananguruma kidogo, kama mtoto anayetafuna kitu. Bibi alimwimbia wimbo mmoja, nusu ya wa pili, kisha sauti yake ikazama. Gorata aligeuka. Mama Otsile alikuwa amelala, kidevu kifuani, mdomo wazi. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo kukaanga maandazi ya safari.

Blanketi lile kubwa la miraba alilokuja amejitanda halikuwa mabegani mwake.

Ameliweka wapi? Gorata aliona ncha yake ikining'inia kwenye kiti cha mtoto. Basi amemfunika. Vizuri, ni baridi. Lakini amemfunika juu ya mikanda au chini yake? Alikodolea macho mgongo wa kile kiti kama vile angeweza kuona kupitia plastiki. Ukimvalisha mtoto blanketi nene kisha ukafunga mkanda juu yake, mkanda unashika blanketi, haushiki mtoto. Alitaka kusema. Akamtazama Otsile aliyekuwa akipiga mluzi, ametulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Akasema moyoni, kifungio kimelia. Akasema tena. Kadiri alivyolirudia ndivyo lilivyopungua nguvu, kama chai inayoongezwa maji.

"Baba Tefo," alisema mwishowe, "tukipata mahali pa kuegesha..."

"Unataka kujisaidia?"

"Nataka kuangalia mkanda tu."

"Mama Tefo." Hakukasirika, aliomba. "Tumebakiza kidogo. Mama amelala. Akiamka akute tumesimama kwa ajili ya mkanda aliofunga yeye, harusi nzima itakuwa ni mkanda huo."

"Hautachukua muda."

"Palipo na vile viti vya saruji vya wasafiri, mbele. Sawa? Hapo nitasimama."

"Sawa."

Akageuka tena nyuma, bila sababu, kwa mazoea tu ya shingo iliyochoka.

Na uso wa Tefo ukachomoza juu ya mgongo wa kiti.

Alikuwa amesimama. Amesimama juu ya kiti chake, mikono miwili imeshika ukingo kama alivyoshika ukingo wa ndoo, kopo la ugoro limebanwa na fizi. Alimwona mama yake. Siku nzima alikuwa akitazama nyuma, na sasa amempata. Alilitoa kopo mdomoni, akacheka kwa mwili mzima, akayumba.

Ukelele ulipanda kooni mwa Gorata. Ulikuwa ule ule wa bafuni, ulikuwa tayari, ulikuwa umefika kwenye meno. Mbele ya kioo, ng'ombe walikuwa wakitoka vichakani upande wa kulia, na jike moja jekundu lilikuwa tayari juu ya lami, linatembea kama barabara imejengwa na baba yake. Kwenye kioo cha pembeni, lile lori la getini lilikuwa karibu kiasi cha kuonekana uso wa dereva.

Akipiga kelele, mguu wa Otsile utasikia kwanza. Breki ikishika ghafla, hakuna kitakachomshika Tefo.

Akaumeza ukelele. Ulishuka kama mfupa.

"Baba Tefo," alisema. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kubembelezea mtoto, na yeye mwenyewe alishangaa kuisikia. "Toa mguu kwenye mafuta. Polepole. Hivyo hivyo."

"Nimewaona ng'ombe, usiwe na..."

"Najua umewaona. Usikanyage breki ghafla. Tefo amesimama."

"Amesimama wapi?"

"Usigeuke, baba. Tazama mbele. Washa taa za hatari, lori lituone. Shuka kushoto pole pole."

Alikuwa akifungua mkanda wake huku akisema. Alipiga goti kwenye kiti, akajipenyeza katikati ya viti viwili, akamfikia. Alimshika kwanza mkono, kisha kwapa, kisha akamzungushia mikono yote miwili na kumkandamiza kifuani pake, mgongo wa kile kiti ukiwa katikati yao unamkata mbavuni. Tefo alidhani ni mchezo. Alimpiga kopo kichwani.

"Polepole," aliendelea kumwimbia Otsile. "Polepole. Polepole, mwana wa mama."

Otsile alikuwa amekunja midomo. Gari lilipungua, likapungua, magurudumu ya kushoto yakaacha lami yakaguna kwenye changarawe. Lori lilipita kulia likipiga honi ndefu, na upepo wake ukalitikisa gari. Jike jekundu lilisimama karibu na kioo, likawatazama wote, likaendelea na safari yake. Gari liliposimama kabisa, chungu cha miguu mitatu kiliteleza miguuni pa Mama Otsile, kikamgonga ugoko.

"Ii! Tumefika?" Mama Otsile alifumbua macho.

Otsile aliegemea usukani akafunika uso. Mama Otsile akamwona Gorata, nusu yake mbele na nusu nyuma, amemkumbatia mtoto juu ya kiti. Akatazama kiti chenyewe.

Mikanda ilikuwa imefungwa barabara. Ilikuwa imelizunguka blanketi la miraba, kifungio kimebana, na ndani ya blanketi hamkuwa na mtu. Lilikuwa limebaki pale na umbo la mtoto, kama ngozi nyoka aliyoivua.

Gorata alishuka, akafungua mlango wa nyuma wa upande wa bibi, akamtoa Tefo kwenye majani, mbali na barabara. Akakaa chini kwenye nyasi kavu. Alichukua kopo. Kidevuni mwa mtoto palikuwa na mate ya rangi ya kahawia, Gorata akapitisha kidole kwenye fizi, akanusa. Kutu. Kutu ya bati tu. Mpira wa tyubu ulikuwa bado umezunguka kopo, umekibana kifuniko.

Akatazama ule mpira kwa muda. Mama Otsile alinusa ugoro asubuhi, kabla ya safari. Gorata alimsikia akipiga chafya. Kumbe alipofungua aliurudisha. Kila alipofungua, aliurudisha.

Mama Otsile aliteremka kwa shida, blanketi mkononi. Alikuja akasimama mbele ya mkwewe. Gorata alisubiri.

"Nilimwonea huruma," Mama Otsile alisema. Sauti ya kuita ng'ombe haikuwepo. "Pale getini meno yangu yenyewe yalikuwa yanagongana. Nikamviringisha vizuri hadi kwapani, ndipo nikafunga ile mikanda juu. Nikampa kopo anyamaze. Akanyamaza."

"Najua, mama."

"Hapana, hujui. Ngoja." Alikuwa anakunja uso kama mtu anayehesabu mbuzi na mmoja hayupo. Alijitupia blanketi begani, akalishusha, akalitupia tena. "Mimi nikimbeba mtoto mgongoni, naanza na nini?"

Gorata alimtazama.

"Naanza na mtoto. Ngozi yake mgongoni pangu. Halafu kitambaa, nakaza, nakaza mpaka nisiweze kukibana kwa vidole. Blanketi huja mwisho, juu ya yote, kwa ajili ya upepo. Mwanamke akiweka blanketi kati ya mgongo na mtoto, mtoto atamtoka akiwa anachota maji. Hata wasichana wanajua." Akalivuta blanketi begani. "Hata wasichana. Na mimi nimeanza na blanketi."

Aliketi kwenye nyasi kando ya Gorata, akatanua miguu, akaanza kulia, machozi makubwa yasiyo na sauti. Tefo alitambaa kutoka mapajani mwa mama yake hadi mapajani mwa bibi yake, akapanda, akamshika pua.

"Ulinyamaza," Mama Otsile alisema kupitia vile vidole. "Kwa sababu yangu. Uliona nini, ukanyamaza?"

"Sikuona, mama. Nilihisi tu."

"Basi siku nyingine ukihisi, piga kelele."

"Nikipiga kelele Baba Tefo anakanyaga breki."

Otsile alikuwa amefika, amesimama juu yao, mikono imekosa pa kukaa. "Sema tu kama ulivyosema leo," alisema. "Sauti ile. Nitasimama. Kila utakaposema nitasimama, hata ikiwa ni soksi."

Walimrudisha Tefo kwenye kiti pamoja. Alipinda mgongo kama upinde, akapiga mateke, akalia. Alikuwa ameuonja uhuru. Gorata alipitisha mikanda mabegani. Mama Otsile alitia vidole viwili akajaribu kuubana mkanda begani, akaweza kuukunja.

"Bado. Huyu atanitoka kisimani. Kaza."

Gorata alikaza. Mama Otsile akajaribu tena, vidole vikateleza.

"Hapo." Kisha akalitandika blanketi juu, akalichomeka kando taratibu. Akakiinua kile chungu, akakipeleka buti mwenyewe, na kwa kukipisha akatoa boga kubwa kuliko yote na kuliacha chini ya mti kwa yeyote apitaye.

"Kaa nyuma na mwanao," alimwambia Gorata. "Mimi nitakaa mbele. Nyuma nalala."

Hawakuwa wamekwenda mbali Mama Otsile alipopiga paja la mwanawe.

"Otsile! Punda!"

"Nimemwona, mama. Yuko upande wa pili wa uzio."

"Uzio una matundu. Mama Tefo, amelala?"

"Bado, mama."

"Mikanda?"

"Imekaza."

"Jaribu tena kwa vidole." Na baada ya muda: "Otsile, kwa nini unakimbia? Harusi ni kesho."

"Mama, si tulikubaliana safari hii hakuna..."

"Mlikubaliana ninyi. Mimi sikuahidi kitu. Punda mwingine huyo!"

Gorata alicheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kikachanganyika na kilio, akaegemeza paji la uso kwenye kiti cha mwanawe. Tefo alimtazama kwa macho makubwa, karibu sana, akampa mguu aushike. Akaushika njia nzima.

Ua wa harusi Shoshong ulikuwa umejaa. Mioto mitatu, vyungu juu yake, wanaume wakiponda nyama iliyochemshwa, wanawake wakipokea wageni kwa vigelegele. Ndoo za maji zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, wazi zote. Vigelegele vilipanda gari lilipoingia, na wanawake wakamkimbilia Mama Otsile wakitaka aingie akicheza kama ilivyo desturi yake. Alishuka akapita katikati yao.

"Nani ameacha ndoo hizi wazi?"

"Salamu kwanza, Mama Otsile!" alipaza sauti dada yake. "Umekuwa bwana afya huko mjini?"

"Salamu hazina magoti, zitasubiri. Mtoto anatambaa. Leteni masinia. Na benchi lile, lizungusheni moto huu, upande huu, hapana, karibu zaidi. Ninyi mnacheka? Chekeni huku mnabeba."

Walibeba, wakicheka. Gorata alisimama mlangoni mwa gari na mtoto mikononi. Aliona moto wa tatu, ule wa nyuma ya nyumba, ambao hauna benchi. Aliona kisu juu ya gogo. Aliona shimo la majivu ambalo huenda lina makaa. Mwili wake wote ulikuwa umechoka na macho hayakutaka kufumba.

"Mama," aliita, kwa ile sauti ya chini.

Mama Otsile aligeuka papo hapo, katikati ya kelele zote zile.

"Moto wa nyuma."

"Nimeuona. Naenda."

Tefo alikuwa akijinyonga mikononi mwake, ameona kuku. Gorata alimshikilia kidogo zaidi, akainama, akamweka chini kwenye udongo uliofagiwa. Mtoto alisimama kwa mikono na magoti, akayumba, akachagua njia. Akaondoka. Gorata akapandisha sketi yake hadi magotini, akaanza kumfuata.